Mwanafunzi Namba Mia na Arobaini na Nne

Nchi ya Mbeleni haimo katika ramani yoyote, na wananchi wake wanashukuru kwa hilo, maana ingekuwamo wangetakiwa kuieleza. Ni nchi nzuri. Barabara zake ziko mbeleni, maji yake yako mbeleni, na hata ukuta wa nne wa Darasa la Tano katika Shule ya Msingi Kirumbi uko mbeleni. Kuta tatu zilikwisha jengwa. Upande wa nne ulikuwa wazi, ukitazama uwanja, na katika ripoti za Wizara uliandikwa "dirisha la kisasa". Mbuzi waliingia kwa dirisha hilo wakasoma na watoto mpaka walipochoka.

Katika darasa hilo alifundisha Mwalimu Sikudhani Mbaruku, mwanamke mfupi, mpole wa sauti, mwenye kumbukumbu ndefu. Aliyemkanyaga mguu kwenye foleni ya maji mwaka wa kiangazi kikuu, mpaka leo alimjua kwa jina, kwa ukoo na kwa kiatu alichovaa. Si kwamba aligombana na watu. Aliweka tu moyoni.

Watoto wake walikuwa mia na arobaini na watatu, na vitabu vilikuwa vinne. Kwa hiyo alibuni. Hesabu za sehemu alizifundisha kwa muwa: wanaukata, wanagawana, wanatafuna jibu. Eneo walilipima kwa kamba ya katani, wakizunguka uwanja na choo cha walimu. Kila mtoto alipewa dakika tatu za kuwa mwalimu, chaki mkononi, na yeyote aliyetoa jibu, awe mtoto awe Sikudhani mwenyewe, wenzake walimuuliza kwa pamoja, "Umejuaje?" Asipoweza kueleza, jibu lake halihesabiki hata kama ni sahihi. Na kipindi hakikuisha mpaka swali la mwisho lijibiwe.

Mambo haya yote aliyaandika kwa miaka kumi na tisa katika daftari nene lenye jalada la bluu. Watoto wa Kirumbi walikuwa wakikimbia kwenda shule, jambo lililowatia wazazi wao wasiwasi.

*

Wakati huo Serikali ilikuwa imegundua kwa nini watoto wa Mbeleni wanafeli. Kamati ilikaa miezi minane katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ikatoka na jibu: watoto wana huzuni. Papo hapo ikaundwa Wizara ya Elimu Changamfu, na chini ya Waziri wake akawekwa Mkaguzi Mkuu wa Uchangamfu, Bwana Elikunda Ndazi.

Bwana Ndazi alikuwa mtu mnene mwenye suti tatu na tabasamu moja. Alizunguka nchi nzima na Maafisa Meno wawili, ambao kazi yao ilikuwa kusimama mbele ya darasa na kuhesabu meno yanayoonekana. Darasa lenye meno mengi lilikuwa changamfu. Darasa la Kwanza lilifeli kila mahali, kwa kuwa watoto wa umri ule hawana meno ya mbele, na walimu wake walipewa onyo la maandishi.

Siku alipofika Kirumbi aliwakuta watoto wa Sikudhani hawachekicheki. Walikuwa wamekunja nyuso, wamezama kwenye vipande vya miwa. Maafisa Meno wakahesabu meno thelathini na moja, na tisa kati ya hayo yalikuwa ya mbuzi.

"Mwalimu, darasa hili lina msiba?" aliuliza Bwana Ndazi.

"Hapana, Bwana Mkaguzi. Wanafikiri."

"Mbona wanafikiri na mimi nimekuja?" Akapanda mbele, akapiga makofi mara mbili. "Haya, watoto wangu! Nusu ukiigawanya kwa robo unapata ngapi?"

Akasimama binti mmoja mwembamba, Kuruthumu, aliyekuwa na mdomo umejaa muwa. "Mbili, shikamoo."

"Marahaba. Kosa! Ukigawanya, kitu kinapungua. Jibu ni thumni."

Watoto mia na arobaini na watatu wakainua vichwa. Hawakuwa na ubaya wowote, ndivyo walivyozoea. Wakauliza kwa sauti moja, iliyosikika mpaka kwa muuza mkaa:

"Umejuaje?"

Tabasamu la Bwana Ndazi lilibaki pale pale, lakini uso uliolibeba ulikuwa umeondoka. Kuruthumu, kwa kumsaidia mgeni, akamwonyesha nusu ya muwa, akaikata robo mbili, akamkabidhi. "Hesabu mwenyewe, babu."

Jioni ile ile hukumu ikatoka. Mwalimu Sikudhani alipatikana na kosa la kuruhusu utovu wa adabu wa pamoja. Alivuliwa darasa, akapewa kazi ya kupiga kengele, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mbele ya ofisi. Darasa la Tano likaachwa lijifundishe, lisipandishwe mpaka lipate mwalimu. Na daftari la bluu likachukuliwa "kwa hifadhi ya taifa".

Mwalimu Mkuu, mzee mwoga aitwaye Lutengano, alimfuata Sikudhani kwenye rimu. "Dada, nisamehe. Nina miezi saba nistaafu."

"Huna kosa, kaka," Sikudhani alisema, akiipima nyundo mkononi. "Lile daftari lina kurasa mia mbili. Nazikumbuka zote."

*

Baada ya miezi mitano walimu wote wa Mbeleni waliitwa mji mkuu kwenye semina. Mlangoni kila mmoja alipewa kitabu kinachong'aa: *Furaha Darasani: Mbinu Zangu Saba*, kimeandikwa na Elikunda Ndazi. Picha yake ilikuwa mbele ya jalada, na nyuma palikuwa na picha yake akiitazama ile ya mbele.

Sikudhani alikifungua akakutana na maneno yake mwenyewe. Muwa ulikuwamo. Kamba ilikuwamo. Dakika tatu za chaki zilikuwamo. Kilichoachwa ni "Umejuaje?" peke yake, mahali pake paliandikwa, "Hapa mwalimu acheke." Mwizi alikuwa na haraka hata hakusoma alichoiba. Pembeni mwa ukurasa mmoja Sikudhani aliwahi kujiandikia kikumbusho, nacho sasa kilikuwa sera ya taifa: "Hatua ya tano: mwalimu asisahau kumwambia Kuruthumu alete muwa."

Basi nchi nzima ilikuwa ikitafuta akina Kuruthumu. Shule zilizokuwa naye mmoja zilipewa nyota. Zisizokuwa naye zilibadilisha majina ya wasichana asubuhi ya ukaguzi, na kule kaskazini kulikuwa na darasa lenye Kuruthumu kumi na wanne, wawili wao wavulana.

Mwisho wa semina ulifanyika mtihani. Sikudhani aliandika mbinu zote saba kama alivyozibuni. Jina lake likasomwa ukumbini na Bwana Ndazi mwenyewe, kwa kipaza sauti, mbele ya walimu elfu tatu.

"Sikudhani Mbaruku, mpiga kengele, Kirumbi. Hakufuzu. Maoni ya msahihishaji: hana ubunifu."

Ukumbi ukacheka, maana Maafisa Meno walikuwa wamesimama ukutani na kalamu zao. Sikudhani alitembea mpaka mbele, akapokea karatasi yake kwa adabu, akasema, "Asante, Bwana Mkaguzi." Alitamani kulia, lakini machozi aliyaona kuwa mali ya mtu aliyekwisha kushindwa, akayaacha.

Katika basi la kurudi nyumbani alikisoma kitabu kile neno kwa neno, pamoja na nyaraka zilizobandikwa nyuma. Alipofika kwenye Waraka Namba Tisa alisoma, akarudia, kisha akakunja pembe ya ukurasa.

Waraka ulikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilikuwa yake, imetoka kwenye daftari: *Kipindi hakitaisha mpaka swali la mwisho la mwanafunzi lijibiwe.* Ya pili Bwana Ndazi aliiongeza kwa mkono wake, ili walimu wamwogope: *Mwalimu atakayeshindwa kujibu atarudishwa katika darasa lililomshinda, alisome, na aendelee mpaka amalize shule.* Chini palikuwa na sahihi ya Waziri. Walimu wanne wa mkoa wa jirani walikuwa tayari wamo Darasa la Tatu, wakikariri jedwali.

Hapo Sikudhani alicheka. Afisa Meno angekuwapo angempa alama thelathini na mbili.

*

Sifa za kitabu zilivuka mipaka. Wafadhili wa nchi za mbali wakaandika kwamba wangependa kuiona Mbinu ya Ndazi kwa macho yao, ikifundishwa na Ndazi mwenyewe. Likatafutwa darasa linaloifahamu. Yakajaribiwa madarasa sita ya mji mkuu. Watoto walicheka vizuri sana lakini muwa waliula wote kabla ya somo. Mwishowe Bwana Ndazi hakuwa na njia. Akaagiza: Darasa la Tano, Kirumbi.

Alimwita Sikudhani ofisini. "Siku hiyo sitaki kukuona darasani. Utakaa kwenye kengele yako. Nikipunga kitambaa, unapiga, somo limeisha. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bwana Mkaguzi. Nitafuata waraka."

"Vizuri. Naona umeanza kubadilika."

Wiki zile tatu Sikudhani hakuwafundisha watoto hila yoyote, wala hakulitaja jina la Bwana Ndazi. Wakati wa mapumziko aliketi karibu na rimu yake, watoto wakamzunguka, akawaambia jambo moja tu: "Anakuja mwandishi wa kitabu. Kila mmoja wenu atafute swali moja analotaka kulijua kwa moyo wake wote. Moja tu. Lakini liwe la kweli."

Walitafuta. Walikwenda nalo kisimani, walilala nalo, walibadilishana. Sikudhani alisikiliza kila swali kwa zamu, na kila lilipopita lenye uzito, moyo wake ulipata ladha ya tende.

*

Siku ikafika. Waziri alikaa mstari wa mbele, wafadhili kumi na wawili wakakaa kulia kwake na madaftari magotini. Mapazia ya hariri yalitundikwa kwenye dirisha la kisasa. Uwanjani pilau lilikuwa linapikwa kwenye masufuria sita. Rimu ilikuwa hatua kumi kutoka darasani, na chini yake alisimama Sikudhani, kanga yake imefungwa vizuri kiunoni.

Bwana Ndazi alianza vyema. Alicheka kama kitabu kilivyoagiza, watoto wakaleta muwa, wafadhili wakaandika. Baada ya dakika ishirini akafungua mikono. "Je, kuna swali?"

Mikono mia na arobaini na mitatu ikapanda.

"Wewe pale."

"Kwa nini mwezi unatufuata tukitembea?"

"Ahaa! Ni kwa sababu ya uongozi bora."

"Umejuaje?" likauliza darasa.

Bwana Ndazi akacheka. Darasa likasubiri. Akacheka tena, safari hii kwa kifupi. "Tuliache kwanza. Mwingine."

"Mvua inatoa harufu kabla haijanyesha. Harufu ya nini?"

"Mwingine."

"Mbuzi ana macho mawili kama mimi, mbona mboni yake imelala?"

"Mwingine!"

"Nusu ya nusu ya robo ni ngapi?"

Bwana Ndazi akatoa kitambaa akajifuta shingo. Kisha akakipunga kuelekea kwenye rimu. Sikudhani alikuwa anamtazama. Hakuinua nyundo. Akakipunga tena, kwa nguvu, kama mtu anayefukuza nyuki.

"Piga kengele, wewe mwanamke!"

Sikudhani alisogea mpaka kwenye pazia, akapiga goti kidogo mbele ya Waziri. "Mheshimiwa, shikamoo. Mkono wangu unataka kupiga, lakini Waraka Namba Tisa unanikataza. Kipindi hakijaisha. Yamebaki maswali mia na arobaini na matatu."

"Marahaba," alisema Waziri. "Huo waraka nani kautia sahihi?"

"Wewe, Mheshimiwa."

Mfadhili mmoja mwenye miwani akaomba atafsiriwe. Alipotafsiriwa, uso wake ukang'aa. Aliwaambia wenzake kwamba katika nchi zote alizotembelea hakuwahi kuona serikali inayojibana kwa sheria zake yenyewe, nao wote wakapiga makofi. Baada ya makofi yale, hakuna mtu katika Mbeleni ambaye angeweza kukipigia kipindi kile kengele.

Waliketi kwa muda wa saa nne. Maswali yalikwenda na kurudi. Kwa nini damu ya chura ni baridi. Kwa nini Serikali ikisema kesho haisemi tarehe. Nani alikuwa wa kwanza kusema neno "mbili". Bwana Ndazi alivua koti, akavua tai, mwishowe akavua tabasamu. Pilau likapoa. Waziri, ambaye kifungua kinywa chake kilikuwa cha alfajiri, alimtazama Mkaguzi wake kwa jicho ambalo Sikudhani alilifurahia kuliko pilau lolote.

Ilipofika saa tisa Waziri alisimama. "Ndugu wananchi na wageni wetu. Ndugu Ndazi, kwa uzalendo wake mkubwa, ameomba mwenyewe arudi Darasa la Tano."

"Sijaomba, Mheshimiwa!"

"Ameomba kwa unyenyekevu," alisema Waziri. "Na kwa kuwa darasa lina wanafunzi, lipatiwe mwalimu. Huyu mama wa kengele aingie."

Kisha akaelekea kwenye sufuria bila kusubiri wageni.

*

Jumatatu Sikudhani alifungua rejista, akaandika kwa mwandiko wa taratibu: 144, Elikunda Ndazi. Akamweka dawati la mbele. Magoti yake yalifika kidevuni.

Mwaka ule ulikuwa mtamu. Sikudhani hakumpiga, hakumtukana, wala hakumnyima haki yoyote ya mwanafunzi. Alimpa zote. Alimpa zamu ya kufagia, akakagua kucha zake Ijumaa, akamrudishia insha mara nne kwa wino mwekundu: "Mwandiko hausomeki." Akikosea, darasa zima lilimuuliza amejuaje, na alikosea kila siku. Alipotaka kutoka nje aliinua kidole, na Sikudhani alikitazama kidole kile kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyolazimu. Watoto hawakuwa na kinyongo naye. Walimgawia muwa. Kinyongo kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikilisha vizuri.

Lakini jambo moja lilitokea ambalo Sikudhani hakulipanga. Kufikia mwezi wa sita, Elikunda aliacha kuitazama saa. Mwezi wa nane alimtoa Kuruthumu jasho kwenye kugawanya. Siku moja Sikudhani alimkuta uwanjani peke yake, kamba ya katani mkononi, anapima kivuli cha bendera.

Mwezi wa kumi ukaja waraka mpya kutoka Wizarani, Namba Kumi na Sita: *Mwanafunzi mwenye zaidi ya miaka arobaini akifeli mtihani wa mwaka, ithibitike kuwa hafundishiki, na arudishwe Wizarani.* Marafiki wa Elikunda walikuwa wameuandika kwa ajili yake. Kiti chake kilikuwa bado kitupu, kimefunikwa kitambaa.

Siku moja kabla ya mtihani alimfuata Sikudhani baada ya watoto kutoka. Alisimama mbele ya meza, kofia mkononi.

"Mwalimu, nakuomba. Nifelishe."

"Mimi huwa sifelishi mtu. Mtu hufeli mwenyewe."

"Nitaandika upuuzi. Wewe usahihishe tu kama ulivyo."

"Nitasahihisha kama ulivyo," alisema Sikudhani. "Kesho njoo na penseli mbili."

Mtihani wa maandishi ulikuwa nusu ya alama. Elikunda aliandika kwamba mji mkuu wa Mbeleni ni Ijumaa, na kwamba pembetatu ina pande kadha wa kadha. Alipata alama mbili katika hamsini, na hizo mbili ni kwa kuandika jina lake. Alitoka anapiga mluzi.

Nusu ya pili ilikuwa ya mdomo, watu wawili wawili kwenye ubao. Sikudhani alikuwa na uhuru wa kupanga jozi. Alimpanga Elikunda na Mashaka, mtoto mzito wa hesabu kuliko wote, mwenye kujaribu kuliko wote.

"Shamba lina urefu mita kumi na nane na upana mita kumi na mbili," alisema Sikudhani. "Tafuteni eneo lake."

Elikunda alikunja mikono kifuani akatazama dari. Mashaka alishika chaki. Akajumlisha kumi na nane na kumi na mbili, akapata ishirini na tisa. Akajua kuna kosa mahali, akafuta. Akajumlisha tena, akapata thelathini na moja. Jasho likamtoka puani. Akafuta tena.

Elikunda aling'ata mdomo. Alitazama dari, akatazama viatu vyake. Mashaka akaandika ishirini na nane.

"Sio kujumlisha, mwanangu!" sauti ilimtoka Elikunda kabla hajaizuia. "Lete chaki. Tazama. Shamba unalipanda mahindi, sivyo? Mstari mmoja una mashina kumi na manane. Mistari mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Basi kwa nini ujumlishe? Anza na mistari kumi. Mashina mangapi?"

"Mia na themanini."

"Imebaki mistari miwili..."

Mashaka akahesabu kwa midomo. Macho yakamfunguka. "Thelathini na sita! Mia mbili kumi na sita!"

"Umejuaje?" Elikunda alimuuliza, tena kwa furaha halisi, na Mashaka akaeleza toka mwanzo mpaka mwisho bila kukwama.

Darasa likapiga makofi. Elikunda naye alikuwa anapiga makofi, uso umemchanua, mpaka macho yake yalipokutana na ya Sikudhani. Mikono yake ikasimama hewani.

Sikudhani alikuwa anaandika. Kalamu ilisita mara moja tu. Alikuwa hajapata kuliona somo la eneo likifundishwa vizuri vile na mtu mwingine asiye yeye, na jambo hilo lilimchoma mahali asipopatarajia. Kisha akaandika arobaini na nane.

"Jumla hamsini," alisema. "Kufaulu ni arobaini."

"Mwalimu," Elikunda alinong'ona, "nionee huruma."

"Huruma ni ya waliofeli, Elikunda. Wewe umefundishika."

Alimwandikia cheti papo hapo, akakigonga muhuri, akampa kwa mikono miwili kama apewavyo mtu mzima, na kumwonyesha mlango wa Darasa la Sita. Ulikuwa ng'ambo ya uwanja, hatua sitini kwa mtu mwenye haraka. Elikunda hakuwa na haraka. Sikudhani aliegemea ukutani, akazihesabu zote, moja moja.